Barua ya Kutisha na Ukimya wa Tovuti

Kitai ni njia panda. Anayetoka Songea kwenda Mbinga hupita hapo, na anayekwenda Ruanda kwenye makaa ya mawe, au kuteremka hadi Lituhi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hapo ndipo anapoiacha barabara kuu. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, sekondari ya bweni, parokia, nyumba ya wageni ya Mbamba Bay inayotafuta watalii: wote hao siku hizi wanaweza kuwa na tovuti. Ila tovuti yenyewe haiko Kitai wala Mbamba Bay. Faili zake zimo kwenye seva iliyokodiwa Dar es Salaam, Ujerumani au Marekani. Aliyeijenga pengine ni kijana aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo, akamaliza, akarudi chuoni. Anayeitegemea ana simu moja na bando la wiki. Kisha asubuhi moja inaingia barua pepe ya Kiingereza, kichwa chake kina neno la herufi kubwa linalomaanisha HARAKA, na ujumbe wake ni kwamba tovuti huenda haipatikani kwa sababu sasisho limeshindikana.

Barua hiyo haistahili hofu tunayoipa. Mara nyingi inaleta habari ya tatizo dogo, na kwa kufika tu inathibitisha kwamba mtambo unaojichunguza bado unafanya kazi. Tovuti iliyo hatarini zaidi ni ile iliyonyamaza mwaka mzima, ambayo mwenyewe huisifu kwamba haijawahi kumsumbua.

Tovuti nyingi ndogo za aina hii zimejengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza Mei 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa miaka kumi ya mwanzo, kila mwenye tovuti alipaswa kusasisha mwenyewe, na wengi hawakufanya hivyo. Oktoba 2013 toleo la 3.7 likabadili utaratibu: marekebisho madogo, hasa ya usalama, yakaanza kujisakinisha bila kumuuliza mtu. Agosti 2020 toleo la 5.5 likamwezesha mwenye tovuti kuruhusu plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, na violezo vya mwonekano navyo vijisasishe. Desemba ya mwaka huo huo, toleo la 5.6 likaufanya usasishaji wa kujiendesha, hata wa matoleo makubwa, kuwa desturi ya kila tovuti mpya.

Anayetaka kujua faida yake aitazame Januari 2017. Tarehe 26 lilitoka toleo la 4.7.2. Ndani yake kulikuwa na dawa ya kosa zito lililomruhusu mtu yeyote, bila pasiwedi, kubadili maandishi ya ukurasa wa tovuti. Watengenezaji hawakulitangaza kosa hilo hadi 1 Februari, wakisubiri masasisho yatangulie. Lilipotangazwa, wavamizi waliingia kazini mara moja na kurasa kwa mamia ya maelfu zikaandikwa majina yao. Walioumia ni wale ambao tovuti zao zilikuwa bado kwenye toleo la zamani. Zilizokuwa zikijisasisha zilikuwa zimeshafunga mlango siku kadhaa kabla, na wengi wa wenye nazo hawakujua kama kulikuwa na mlango wazi.

Sasa tuzitazame barua zenyewe. Ziko za aina chache, na kuzitofautisha kunaondoa nusu ya wasiwasi. Kuna inayotaarifu kwamba sasisho limekamilika. Hiyo isome kisha endelea na shughuli zako. Kuna inayosema toleo jipya lipo na inakuomba ulisakinishe mwenyewe, kwa kawaida kwa sababu usasishaji wa kujiendesha umezimwa au seva haikuruhusu. Kuna inayosema plagini fulani zimeshindwa kusasishwa: tovuti inaendelea kufanya kazi, plagini tu ndiyo imebaki ya zamani. Ya herufi kubwa hutumwa pale mtambo ulipokuwa ukinakili faili mpya za WordPress yenyewe ukakwama njiani, kwa mfano kwa sababu diski imejaa, na hauna uhakika kama umeacha kila kitu kikiwa kizima. Mtambo hauwezi kuutazama ukurasa wako kama mgeni anavyoutazama. Wewe unaweza. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu yoyote, fungua tovuti kwa simu nyingine, au kwa dirisha la faragha lisilokumbuka kurasa za zamani. Ikifunguka, fungua na kurasa za ndani, hasa ile yenye fomu. Kisha ingia kwenye dashibodi uangalie namba ya toleo. Mara nyingi safari inaishia hapo.

Kuna hitilafu ambazo dawa yake ni kusubiri. Wakati wa kusasisha, WordPress huweka faili ndogo inayowaonyesha wageni kwamba tovuti iko kwenye matengenezo kwa muda mfupi. Sasisho likikatika, faili hiyo hubaki, lakini baada ya dakika 10 WordPress yenyewe huacha kuijali. Ukiambiwa kuna sasisho jingine linaendelea, kufuli linalozuia masasisho mawili kwenda pamoja nalo huachia baada ya dakika 15. Upakuaji wa toleo jipya ukishindwa, mtambo hupanga kujaribu tena baada ya saa moja. Anayeanza kufuta mafaili dakika ya tano mara nyingi ndiye anayegeuza hitilafu ndogo kuwa kubwa.

Matukio mawili ya kweli yanaonyesha jinsi ukubwa wa barua unavyoweza kutofautiana na ukubwa wa hatari. Oktoba 2020, siku moja baada ya toleo la 5.5.2, watengenezaji waligundua kwamba toleo hilo linakataa kusakinishwa kwenye baadhi ya tovuti mpya kabisa. Walipojaribu kulisimamisha huku wakiandaa dawa, mtambo wa masasisho ukazisukuma tovuti nyingi kwenye toleo la majaribio ambalo halikukusudiwa kutoka. Barua zikamiminika duniani kote zikitaja namba ya ajabu yenye neno alfa. Watu walidhani wamevamiwa. Kwa kweli kilichoongezeka ni violezo vya kawaida vya WordPress na plagini ya Akismet, na ndani ya muda mfupi toleo la 5.5.3 likanyoosha mambo.

Februari 2018 ilikuwa kinyume chake. Tarehe 5 lilitoka toleo la 4.9.3, lililorekebisha makosa 34. Lilijisakinisha vizuri, barua za kheri zikatumwa. Lakini ndani yake kulikuwa na kosa jipya lililoua uwezo wa kujisasisha. Kesho yake likatoka toleo la 4.9.4 la kutibu kosa hilo, na tovuti zilizokuwa zinalihitaji zaidi hazikuweza kulichukua zenyewe. Ilibidi binadamu aingie kwenye dashibodi abonyeze kitufe, au kampuni inayohifadhi tovuti imsaidie. Ambaye hakufuatilia habari hakupata barua yoyote ya kumshtua. Tovuti yake ilibaki imeganda pale, ikionekana nzuri machoni pa wageni, wakati kila dawa iliyofuata inampita.

Ufukwe wetu unaujua mkasa wa namna hiyo tangu enzi za meli za moshi. Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, mahali walipopaita Sphinxhafen, ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza Ulaya. Upande wa Nyasaland habari zilikuwa zimefika, na meli ya Waingereza Guendolen chini ya nahodha Rhoades ilivuka ziwa ikaifyatulia mizinga. Nahodha na meli yake walikuwa mahali pao. Kilichokosekana ni taarifa.

Turudi kwenye seva, kwa sababu chanzo cha sasisho kushindwa kinajulikana na mara nyingi kinatibika. Kwa tovuti za bei nafuu, cha kwanza kuchunguzwa ni nafasi ya diski. Kifurushi cha kawaida cha uhifadhi hugawanya nafasi moja kati ya tovuti, kanzidata na barua pepe za ofisi. Mhasibu asiyefuta barua zake zenye viambatisho anaweza kuizuia tovuti isijisasishe, na wawili hao wasijue kwamba wana uhusiano. Picha ni mzigo mwingine. Siku ya mahafali au ya Upadirisho, mtu hupandisha picha moja kwa moja kutoka kwenye simu zikiwa na ukubwa wake wote, na WordPress hutengeneza nakala kadhaa ndogo za kila moja. Kuna pia plagini za bakapu zinazohifadhi nakala za tovuti kwenye diski ile ile ya tovuti. Huo ni utaratibu mbaya mara mbili: unajaza nafasi, na siku diski ikiharibika tovuti na bakapu yake vinaondoka pamoja. Na liko faili la kumbukumbu ya makosa, ambalo plagini moja yenye kasoro inaweza kuliandikia mstari kila sekunde hadi likawa kubwa kuliko tovuti nzima. Sasisho linahitaji nafasi ya kupakua kifurushi, kukifungua, kuweka pembeni faili za zamani na kunakili mpya. Nafasi ikiisha katikati ya kazi hiyo, barua ya herufi kubwa inaandikwa. Dawa ni kufungua cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti yako ya seva, jambo linalowezekana hata kwa simu, kuona ni folda gani imevimba, kushusha bakapu za zamani kwenye kompyuta ya ofisi au diski ya nje, kuzifuta kwenye seva, kisha kusasisha upya.

Chanzo cha pili ni umiliki wa faili. Tovuti ikihamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine na fundi aliyetumia akaunti tofauti, WordPress hujikuta haina ruhusa ya kuziandika upya faili zake. Dalili yake ni dashibodi kuomba jina na pasiwedi ya FTP kila unapobonyeza kusasisha. Iombe kampuni inayohifadhi irudishe umiliki kwa akaunti yako. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwao. Kwa kawaida folda huwekwa ruhusa ya 755 na faili 644. Fundi akikushauri uweke 777 ili yaishe, mkatalie, kwa sababu ruhusa hiyo inaacha faili zako wazi kuandikwa na akaunti yoyote kwenye seva hiyo.

Toleo la PHP la seva, lugha ya programu inayoiendesha WordPress, nalo huzeeka. WordPress 6.6, ya Julai 2024, haikubali PHP iliyo chini ya 7.2.24, na PHP 7.4 yenyewe iliacha kupewa marekebisho Novemba 2022. Plagini za kulipia zikiisha leseni hukataa kusasishwa. Zile za wizi, zinazogawanywa kwa simu na watu wema wasiojua, hazijisasishi kabisa, na nyingi hubeba mlango wa siri wa mvamizi. Ziondoe leo.

Msimu nao una nafasi yake, na wachache wanalielezea hili. WordPress haina saa inayojitegemea. Kazi zake za ratiba, ikiwemo kutafuta masasisho mara mbili kwa siku, huamshwa na mtu anayefungua ukurasa. Tovuti ya chama cha kahawa hutembelewa wakati wa mavuno na mauzo, kisha miezi mingine inalala. Ikiwa imewekewa plagini ya kuharakisha inayowapa wageni kurasa zilizokwisha kutayarishwa, hata wageni wachache wanaokuja hawaiamshi. Hapo masasisho huchelewa bila kosa lolote kuripotiwa. Seva karibu zote zina ratiba yake yenyewe ndani ya cPanel. Iagize iite faili la wp-cron.php kila nusu saa na tatizo hilo linaisha.

Wengi huku husingizia umeme na mtandao. Ni kweli vimetusumbua sana, na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoathirika zaidi. Lakini kama seva yako iko Ujerumani, siku ile iliendelea kusasishwa kama kawaida. Aliyekatika ni wewe. Umeme ukizimika Mbinga, seva ya Dar es Salaam haina habari. Mtandao wa kwetu unaathiri uwezo wa kuisoma barua na kuijibu, na hilo ni jambo kubwa, ila hauleti sasisho lililoshindikana kwenye seva ya mbali.

Kuchelewa huko kuisoma barua kuna maana ya pekee kwa aina nyingine ya barua. Tangu toleo la 5.2 la Mei 2019, plagini ikiangusha tovuti, WordPress humwandikia msimamizi na kumpa kiungo maalumu cha kuingilia dashibodi huku plagini mbovu ikiwa imesimamishwa kwa ajili yake. Kiungo hicho huishi siku moja tu. Anayesoma barua pepe Jumamosi anaposhuka mjini atakikuta kimekufa. Asikate tamaa: kosa likiendelea, barua nyingine hutumwa, si zaidi ya moja kwa siku. Na ikishindikana kabisa, aingie cPanel, afungue folda ya wp-content kisha plugins, aibadili jina folda ya plagini iliyotajwa kwenye barua. WordPress isipoikuta plagini mahali pake huizima, na tovuti hurudi. Kuanzia toleo la 6.6, plagini iliyojisasisha ikaiangusha tovuti hurudishwa kwenye toleo lake la zamani moja kwa moja. Kwa hiyo barua ya leo inayosema plagini imeshindwa kusasishwa inaweza kuwa taarifa kwamba umeokolewa.

Hofu ina wanaoifanyia biashara. Sote tumewahi kupokea ujumbe wa simu unaosema ile hela tuma kwenye namba hii, na tunaufuta bila kufikiri. Kwenye barua pepe bado tunakuwa wepesi kuamini. Desemba 2023 kampuni za usalama Wordfence na Patchstack zilionya kuhusu barua zilizojifanya zimetoka kwa timu ya WordPress. Zilitaja kosa la usalama lenye namba CVE-2023-45124 na kumtaka msomaji apakue plagini ya kulitibu. Plagini hiyo ndiyo iliyokuwa ugonjwa: ilimtengenezea mvamizi akaunti ya msimamizi. Kanuni ya kujilinda haihitaji utaalamu. Usibonyeze kiungo, andika mwenyewe anwani ya tovuti yako, ingia, tazama ukurasa wa masasisho. Kama hatari ni ya kweli, sasisho litakuwa linakusubiri humo.

Sasa ni nani anayezipokea barua hizi? Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, ya Mji wa Mbinga na ya Wilaya ya Nyasa zina tovuti zinazotumia mfumo wa pamoja wa serikali, na nyuma yao iko Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ofisa wa TEHAMA wa halmashauri anahangaika na habari na matangazo. Moyo wa mfumo una watu wake. Parokia, shule binafsi na chama cha msingi hawana mgongo wa namna hiyo. Anwani ya msimamizi iliyoandikwa siku tovuti inajengwa mara nyingi ni ya yule kijana wa mafunzo kwa vitendo, au ya rafiki wa Ulaya aliyejitolea, na inabaki hivyo hivyo kwa miaka. Tangu Novemba 2019 WordPress humuuliza msimamizi kila baada ya miezi sita, anapoingia, kama anwani hiyo bado ni sahihi. Tunabonyeza kitufe cha kukumbushwa baadaye na kuendelea. Zaidi ya hapo, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji wasiothibitisha domeni zao kwa rekodi za SPF au DKIM. Barua za tovuti nyingi ndogo hutumwa na seva bila uthibitisho huo, kwa hiyo huishia kwenye kikasha cha taka au hazifiki kabisa. Haya yote ni ukimya, na hakuna hata moja kati yake linalotoa sauti.

Uzito wake umeongezeka kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Shule inayopokea maombi ya kujiunga kwa fomu ya mtandaoni inashika majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Haiwezi kujitetea kwamba anayejua pasiwedi alihama.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenyekiti wa chama, mwalimu mkuu, paroko na mwenye nyumba ya wageni ni hili. Wiki hii, mtu wenu mmoja aingie kwenye dashibodi, afungue mipangilio ya jumla na asome anwani ya barua pepe ya msimamizi. Ikiwa ni ya mtu aliyekwisha kuondoka, ibadilisheni iwe ya ofisi, yenye watu wawili wanaoifungua, na pasiwedi yake iandikwe kwenye daftari linalofungiwa kabatini pamoja na mhuri. Hamhitaji ruhusa ya mwenye anwani ya zamani wala kuingia kwenye kikasha chake: kiungo cha kuthibitisha mabadiliko hutumwa kwenye anwani mpya. Kisha fungueni ukurasa wa Afya ya Tovuti, ulio ndani ya kila WordPress tangu mwaka 2019. Utawaambia papo hapo kama masasisho ya kujiendesha yanafanya kazi au yalikwisha kusimama.